Mkufu wa Afande

Kila mtu mtaani alimwita Afande, ingawa hakuwahi kuwa askari hata siku moja. Alikuwa mlinzi wa ghala la mbolea. Alilinda lango lake mpaka nywele zikawa nyeupe, kisha akastaafu. Alirudi nyumbani na kurunzi, koti zito, na ufundi wa kufuma kwa kroshia.

Ufundi huo aliupata palepale langoni. Mwizi humsumbua mlinzi mara mojamoja, lakini usingizi humsumbua kila zamu. Basi Afande alinunua sindano ya kroshia, ile fupi yenye ndoana kichwani, akajifunza kufuma ili asifumbe macho. Wenzake walimcheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakuwajali. Wao walisinzia, yeye akafuma.

Siku hizi anafuma mikufu ya shanga. Shanga zake ni za mbao, kubwa kuliko karanga, na kila ushanga huuvalisha nguo ya uzi wa pamba. Huanza na kiduara kidogo. Huongeza vitanzi vya uzi mpaka kiduara kiwe kama kikofia. Huuingiza ushanga humo, kisha hupunguza vitanzi mpaka mdomo wa kikofia ufungike. Ushanga mmoja huwa mwekundu, mwingine wa kijani, mwingine wa manjano. Hapendi kurudia rangi katika mkufu mmoja. Akimaliza, huzitunga shanga zote kwenye uzi, hufunga fundo, na shughuli imekwisha. Ndivyo alivyodhani.

Mkufu uliopendeza kuliko yote aliuvaa mwenyewe. Mzee mzima na mkufu wa rangi zote! Lakini ulikuwa na kazi yake, na kazi hiyo ilikuwa Bosi.

Bosi ni mjukuu wake wa kike, mtoto wa binti yake. Wakati huo alikuwa bado anatambaa, ana meno mawili tu, lakini nyumba nzima ilifuata amri zake. Mama yake hufanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Akienda kazini, Afande ndiye mlezi. Humlisha, humbadilisha nepi, humbeba huku na huku. Bosi akianza kulia, babu huinama mpaka mkufu uning'inie mbele ya uso wake. Bosi huushika, huugeuzageuza, huuvuta. Kilio huisha.

"Mke wangu huyu anapenda mapambo," Afande huwaambia majirani. "Ataniacha bila shati."

Siku moja mchana, Afande alikuwa amekaa mkekani, Bosi mapajani. Bosi aliudaka mkufu kwa mikono miwili, akajitupa nyuma kwa nguvu zake zote.

Tap! Uzi ukakatika.

Shanga zilitawanyika chumba kizima. Nyingine zilikimbilia chini ya kochi, nyingine mlangoni. Bosi alishangaa kidogo, kisha akaangua kilio.

Afande alimweka chini, akaanza kuokota. Mwekundu, huu hapa. Wa kijani, huu hapa. Mweupe, wa zambarau, wa buluu, wa kahawia. Zote zilipatikana ila wa manjano. Alitafuta chini ya mkeka. Haupo. Alitafuta nyuma ya mlango. Haupo! Akamtazama Bosi. Mdomo ulikuwa wazi, udenda unachuruzika. Moyo wa Afande ulipiga paa.

"Fundi!" aliita. "Fundi, njoo! Mtoto amemeza ushanga!"

Fundi alikuwa jirani wa mlango wa pili, mama mwenye mikono imara, anayetengeneza makochi barazani kwake. Alikuja mbio, nyundo bado mkononi. Alimkuta Afande amemshika Bosi, kidole kinaelekea mdomoni.

"Toa kidole, Afande!"

"Nataka kuutoa ushanga!"

"Unauona?"

"Siuoni."

"Basi usichokonoe usichokiona. Utausukuma ndani zaidi. Tulia kwanza, usikilize. Mtoto analia?"

"Si unamsikia? Mtaa mzima unamsikia!"

"Ndiyo nafuu yetu. Anayelia hivyo anapumua. Aliyekabwa hawezi kutoa sauti kama hii."

"Na angekuwa amekabwa?"

"Ungemlaza kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kidogo. Ungempiga kwa kiganja mgongoni, katikati ya mabega, huku mwingine akikimbilia msaada. Walinifundisha kliniki. Lete huyo mtoto hapa."

Fundi alimgeuza Bosi kwenye mwanga wa dirisha, akamfungua mdomo taratibu. Waliona meno mawili, ulimi, na hasira. Ushanga hawakuuona.

"Mdomoni haumo," alisema Fundi. "Lakini huenda ameumeza. Angalia chini ya kochi mara ya mwisho. Usipouona, tunampeleka hospitali, hata kama anacheka."

Wakati huo huo mama yake Bosi alirudi kutoka kazini, unga bado kwenye nyusi. Alimkuta baba yake amelala kifudifudi, kurunzi mkononi, kichwa kimezama chini ya kochi.

"Baba? Kuna nini?"

Afande alichomoa kichwa chini ya kochi. Fundi ndiye aliyeeleza.

Mama yake Bosi hakupiga kelele. Alimchukua mwanawe, akamkumbatia, akasema kwa sauti ndogo, "Twende hospitali. Sasa hivi."

Afande angefurahi kama angegombezwa. Sauti ile ndogo ilimkata maini. Aliinuka, akafuata viatu vyake mlangoni. Akainua mguu ili avae. Kitu kikadondoka kutoka kwenye suruali yake. Kiligonga sakafu, kikabingirika mpaka miguuni pa Fundi.

Ulikuwa ushanga wa manjano.

Suruali yenyewe ilikuwa ile ya kazini, ndefu kupita kiasi, naye alikuwa ameikunja chini. Ushanga ulitumbukia kwenye lile kunjo ukajikalia humo, huku watu wakizunguka nyumba nzima roho mkononi.

Fundi aliuokota, akaugeuza. "Mzima," alisema. "Hata nguo haijachafuka."

Mama yake Bosi aliketi palepale sakafuni. Alicheka, kisha akalia, kisha akafanya yote mawili kwa pamoja. Afande alishika ukuta. "Mungu mkubwa," alisema. "Mungu mkubwa, Mungu mkubwa." Bosi alipoona watu wazima wote wanalia, yeye akanyamaza, akawatazama mmoja mmoja.

Jioni, baada ya Bosi kulala, binti alikaa karibu na baba yake.

"Baba, sikulaumu. Lakini kuna mama mmoja karibu na kiwandani, analea watoto wa wafanyakazi. Nataka nimpeleke Bosi kwake."

Afande alihisi kama amefukuzwa kazi. Kazi ya ghala aliiacha bila kugeuka nyuma. Hii hakutaka kuiacha.

"Kwa sababu ya mkufu?"

"Kwa sababu ya moyo wangu. Nitakuwa nakanda unga huku nawaza shanga."

"Basi nitauacha. Sitauvaa tena."

"Leo hutauvaa. Kesho Bosi atalia, utauvaa. Nakujua, Baba. Kwa mtoto huyu huna ubavu."

Afande hakubisha, maana ilikuwa kweli tupu. Alikuna kidevu.

"Nipe mpaka siku yako ya mapumziko," alisema hatimaye. "Nitatengeneza mkufu usiokatika. Usiporidhika, mpeleke huko."

Binti alikubali. "Haya. Lakini mpaka siku hiyo, sitaki kuona hata ushanga mmoja mbele ya mtoto."

"Sawa, bosi mkubwa."

Afande alifanya kazi kila Bosi alipolala, na shanga akazifungia kwenye kopo. Safari hii hakutaka mchezo. Aliacha uzi wa pamba, akachukua mshipi wa nailoni, ule wa kuvulia samaki. Alizitunga shanga zote, akafunga mafundo juu ya mafundo, akayapaka gundi. Hakuacha hata mahali pa kufungulia. Mkufu ulikuwa duara kamili, wa kupitisha kichwani. Uliingia kwa shida na masikio yakaumia, lakini uliingia. Siku mbili kabla ya mapumziko ya binti, alimwacha Bosi na mama yake aliyekuwa amerudi kutoka zamu, akaenda barazani kwa Fundi amevimba kichwa.

Fundi alikuwa anabana vifungo kwenye mgongo wa kochi, sindano ndefu kama mkono wa mtoto.

"Vuta huu, Fundi. Vuta bila huruma!"

Fundi alipitisha kidole kwenye mkufu, akavuta. Shanga hazikuachia. Badala yake Afande mwenyewe alifuata kidole, shingo mbele, macho yamemtoka, mpaka akapiga goti kwenye marobota ya sponji. Alipunga mikono. Fundi akaachia haraka.

"Umekatika?" Fundi aliuliza.

"Mkufu haujakatika," alisema Afande, akikohoa na kusugua shingo. "Mimi ndiye nilikuwa karibu kukatika."

Fundi alicheka, lakini hakucheka sana.

"Sasa fikiria. Umembeba Bosi, mkufu umenasa kwenye kitasa cha mlango. Au Bosi ameuchukua, ameuingiza kichwani mwake, nawe umegeuka kuchota maji. Itakuwaje?"

Afande aliuvua mkufu upesi, kana kwamba umekuwa wa moto.

"Ule wa kwanza ulikuwa dhaifu mno, na huu una nguvu mno," alisema kwa unyonge. "Sasa nifanyeje?"

"Ule wa kwanza ulikatikia wapi? Uzi wake unao?"

Afande alikuwa nao mfukoni. Fundi aliunyoosha. Ncha yake ilikuwa nyeusi.

"Hapa ulifanya nini?"

"Niliichoma kwa kiberiti. Ghalani kamba zote tulizimaliza hivyo. Ncha inayeyuka, inaganda, haifumuki hata uivute kwa gari."

"Kamba hizo zilikuwa za nini?"

"Za nailoni."

"Na uzi huu?"

Afande aliikwaruza ile ncha kwa ukucha. Ikamegeka, ikawa masizi kidoleni.

"Wa pamba," alisema.

"Nailoni huyeyuka ikashikana. Pamba huungua tu. Fundo ulilifunga vizuri, Afande, halafu ukalichoma moto kwa mkono wako."

Mzee alishika tama. Miaka yote ile langoni alikuwa akiwafundisha vijana jinsi ya kufunga kamba. Hakuwa na mazoea ya kuuliza. Lakini alimfikiria Bosi akibebwa kila siku kwenda kwa watu wengine, akapiga moyo konde.

"Nifundishe, Fundi," alisema. "Tangu mwanzo. Nichukulie kama sijui kitu."

Nyuma yake, mama yake Bosi alikuwa anaanika nepi kwenye kamba ya uani, hatua chache tu kutoka barazani. Aliendelea kuanika, polepole kidogo.

Fundi alisogeza kochi pembeni, akakaa.

"Kuna sehemu mbili, na kila moja ina kazi yake. Shanga zisitoke kamwe kwenye uzi. Ila pale pa kufungia pafunguke mkufu ukivutwa kwa nguvu. Shingo ipone, na shanga zibaki zimeshikana. Lete uzi mnene wa pamba. Ukunje uwe mara mbili."

Afande aliukunja.

"Tunga ushanga mmoja. Funga fundo. Lisukume kwa ncha ya sindano mpaka libane kwenye ushanga, ndipo ukaze. Sasa tunga wa pili. Fundo tena."

"Fundo kila baada ya ushanga? Nitamaliza lini?"

"Una haraka ya kwenda wapi? Kwa njia hii uzi ukikatika mahali pamoja, mafundo ya pande zote mbili yanazishika shanga zake. Na fundo liwe kubwa kuliko tundu la ushanga. Likipita kwenye tundu, umejichosha bure."

Afande alitunga, akafunga, akafumua, akafunga tena. Fundo la kwanza lilikuwa mbali na ushanga. La pili lilikuwa dogo. Fundi alilivuta kupitia kwenye tundu, akamrudishia. Kuanzia hapo mkono ulizoea.

Walipofika mwisho, Afande alishika mkasi ili akate ncha.

"Ngoja!" alisema Fundi. "Ukikata ncha karibu na fundo, fundo linachomoka. Bakiza uzi wa urefu wa kidole. Utie kwenye sindano, urudishe ndani ya ushanga wa mwisho, utokee upande wa pili. Funga hapo. Pitisha tena kwenye ushanga unaofuata. Sasa kata. Ncha imefichwa ndani, hakuna cha kufumuka, na kiberiti kiache jikoni."

"Nimesikia. Usinitangaze tu."

"Sasa pa kufungia. Upande huu shona kifungo, kidogo na cha mviringo, uzi upite mara nyingi. Upande ule weka kitanzi cha lastiki nyembamba. Kifunikeni kwa uzi wewe na kroshia yako, lakini kwa ulegevu, ili lastiki ivutike. Kifungo kiingie kwa kusukumwa kidogo. Kitanzi kikiwa kikubwa, mkufu utaanguka wenyewe. Kikiwa kidogo mno, hautafunguka siku unapotaka ufunguke. Jaribu kwa mkono kabla ya kuvaa."

Afande alitengeneza kitanzi kikubwa. Akakifumua. Akatengeneza kidogo. Akakifumua. Cha tatu kilikuwa sawasawa. Fundi alivuta, lastiki ikavutika, kifungo kikachomoka. Mkufu ulibaki mkononi mwake, mzima, shanga zimejipanga na shingo ya mzee iko salama.

"Aa!" alisema Afande. Uso wote ulikuwa umefunguka.

"Nisikilize bado," alisema Fundi. "Hata huu si wa kumvika mtoto. Mtoto mdogo havai mkufu, hata uwe mzuri namna gani. Unauvaa wewe, naye anaushika ukiwa unamwona. Ukifunguka, unauchukua palepale. Akilala, unautundika juu. Na kila asubuhi unaukagua uzi. Ukiona umelika au umechakaa, unaubadilisha."

"Na rangi? Anatia kila kitu mdomoni."

"Uzi wa kufumia uloweke na uufue kwanza mpaka maji yatoke meupe. Shanga ziwe mbao tupu zilizosuguliwa, bila rangi ya kupaka."

Siku ya mapumziko ilifika. Mama yake Bosi alikaa mkekani, mtoto ubavuni. Afande alimpa mkufu mpya kwa mikono miwili. Katika maisha yake alikaguliwa mara nyingi, lakini hakuna mkaguzi aliyemtisha kama huyu.

Binti aliuvuta kwa nguvu. Kifungo kikachomoka kwenye kitanzi. Akaufunga, akauvuta tena. Akayashika mafundo moja moja kwa kucha. Kisha akanyoosha mkono.

"Baba, naomba mkasi."

"Wa nini?"

"Naomba tu."

Afande alimpa. Binti aliushika mkufu katikati, kati ya ushanga mwekundu na wa buluu, akakata. Kra! Afande alifumba macho. Kazi yote ile!

Hakusikia kitu kikianguka. Alifumbua jicho moja. Mkufu ulikuwa vipande viwili mikononi mwa binti yake. Binti alitikisa kipande kimoja, akatikisa cha pili. Alivigonga kwenye goti. Hata ushanga mmoja haukudondoka.

Alishusha pumzi ndefu, pumzi ambayo alikuwa ameishikilia tangu ile siku ya kunjo la suruali.

"Samahani kwa kuukata," alisema. "Nilitaka kuona kwa macho yangu."

"Kata hata mara kumi," alisema Afande, akicheka kwa raha. "Nitafunga mara kumi na moja!"

Akazifumua shanga, akachukua uzi mpya palepale, akaanza upya mbele yake. Safari hii mkono haukusita. Ulipokamilika aliuvaa, akainama. Bosi hakukawia. Alidaka, akajitupa nyuma kama kawaida yake. Kifungo kikachomoka, na Bosi akabaki ameushika mkufu mzima, ameduwaa kwa ushindi. Mama yake aliuchukua kwa upole kabla haujafika mdomoni, akamrudishia mzee.

"Kesho naingia zamu ya asubuhi," alisema. "Yule mama mlezi nilimwambia asitusubiri."

Afande aliacha kufunga kifungo. "Ulimwambia lini?"

"Juzi jioni."

"Juzi? Mkufu ulikuwa hujauona hata kwa mbali!"

"Nilikuwa naanika nepi, Baba. Nilikusikia ukimwambia Fundi akufundishe tangu mwanzo, kama hujui kitu." Alitabasamu, macho yamelowa. "Tangu nizaliwe sijawahi kukusikia ukisema hivyo kwa mtu. Nikajua mwanangu yuko mahali salama."

Afande hakujificha. Alilia mbele ya binti yake na mjukuu wake, mzee mzima, kwa furaha tupu. Kisha akajifuta kwa mkono wa shati, akaufunga mkufu shingoni, akamnyanyua Bosi, akaenda naye dirishani.